Kijana wa gemu anunue kadi moja nzuri, asidanganyike na mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji ili nipinge, kwa heshima zote, ushauri ambao gazeti lako liliuchapa hivi karibuni kwa vijana wanaojiundia kompyuta za gemu. Mwandishi wa safu ya teknolojia aliwaambia wenye mfuko mdogo watafute kadi mbili za grafiki (zile zinazochora picha za gemu kwenye skrini) za mtumba, wazifunge kwenye mashine moja, nao watapata nguvu ya kadi moja ya bei mbaya kwa nusu ya gharama. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kariakoo, na kazi hii niliianza enzi za skrini za chogo. Ushauri ule ulikuwa na ukweli wake miaka ya nyuma. Leo hii unawatia vijana hasara, na wanaoumia zaidi ni wale waliochanga pesa kwa tabu.

Gazeti lenyewe niliona kwa kijana mmoja wa Tandika, alilileta limekunjwa mfukoni, pamoja na sipiyu yake aliyoipakata kwenye bodaboda. Ana kibanda cha gemu. Mama yake alimkopea kwenye kikoba, naye akaenda kwa winga mmoja, akauziwa kadi mbili za Radeon RX 580 zilizotoka Dubai.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba mwanangu, karibu.”

“Nimefunga mbili kama walivyoandika hapa. Kuna gemu linakubali, kuna gemu halijali kama nina moja au mbili, na GTA ndiyo inakatakata mpaka wateja wananinunia.”

Nilifungua ubavu wa sipiyu. Kadi zote mbili zilikuwa na feni zinazotazama chini. Feni za kadi ya juu zilielekea mgongo wa kadi ya chini, na katikati hapakupenya hata kidole. Maana yake kadi ya juu ilikuwa inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na mwenzake. Nikaiwasha, nikaendesha GTA V huku nikiangalia joto. Ya chini ilitulia kwenye nyuzi 74. Ya juu ilipanda mpaka 91, ikaanza kujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Kisha nikafungua GPU-Z, programu ya bure inayosoma kadi ilivyo kwa ndani. Kadi moja ilikuwa na viini vya kuchorea 2304, na hiyo ndiyo RX 580 halisi. Nyingine ilikuwa na 2048. Hiyo ni aina ambayo AMD, watengenezaji wa Radeon, waliitoa kwa soko la China mwaka 2018 ikiwa imebeba jina lile lile la RX 580, lakini viini vyake ni idadi ya RX 570. Ukizifunga pamoja, yenye nguvu inabaki kuisubiri ile dhaifu. Sikumwambia kitu mpaka nilipomaliza kupima, maana alikuwa ananitazama usoni kila namba ilipobadilika.

Niseme kwanza wazo hili limetoka wapi, kwa sababu halikuzushwa. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani ya 3dfx ilitoa kadi iitwayo Voodoo2. Moja peke yake iliishia kwenye picha ya 800 kwa 600. Ukifunga mbili unafika 1024 kwa 768, kwa sababu moja ilichora mistari ya shufwa ya skrini na nyingine ikachora ya witiri. Mtindo huo waliuita SLI. Gemu za wakati ule zilikuwa nyepesi, na kazi iligawanyika bila ugomvi. Baadaye NVIDIA, kampuni nyingine ya kadi, walinunua mali za 3dfx, wakalirudisha jina la SLI sokoni mwaka 2004, na ATI, ambao baadaye walinunuliwa na AMD, wakajibu kwa mfumo wao wa kadi mbili, CrossFire, mwaka 2005. Kwa zaidi ya miaka kumi kila aliyetaka mashine ya kutisha alifunga mbili, wengine tatu, wengine nne. Mwaka 2016, kwenye maonyesho ya Computex kule Taiwan, AMD walisimama jukwaani wakaonyesha kadi mbili za RX 480, zote mbili kwa chini ya dola 500, zikiipita GTX 1080 ya NVIDIA iliyoanzia dola 599. Onyesho lile lilikuwa la kweli. Ila gemu lililochezwa lilikuwa moja tu, Ashes of the Singularity, ambalo watengenezaji wake waliliandika makusudi lijue kutumia kadi mbili. Ninavyouona mimi, ushauri wa gazeti lako bado umekaa kwenye ukumbi ule wa 2016.

Sasa tuangalie kinachotokea ndani ya mashine. SLI na CrossFire za miaka hiyo kwa kawaida hazikugawana mistari ya picha moja kama Voodoo2. Zilipokezana zamu: kadi ya kwanza inachora fremu ya kwanza, yaani picha moja kamili ya skrini, kadi ya pili inachora ya pili, fremu ya tatu inarudi kwa ile ya kwanza. Kwa hesabu za mdomoni unaona kasi imezidishwa mara mbili. Lakini jicho la mchezaji halisomi wastani. Gemu la fremu 60 kwa sekunde linatakiwa kuleta picha mpya kila baada ya milisekunde 16 na ushee. Kadi zikipishana vibaya, picha moja inafika baada ya milisekunde 6, inayofuata inachukua 27, halafu tena 6, halafu tena 27. Jumlisha, gawa, na ile mita ya pembeni ya skrini itakuandikia fremu 60 bila wasiwasi. Mchezaji anaona kitu kama fremu 37 zinazojikwaa. Huko ndiko kukatakata alikokuwa anakulalamikia kijana wa Tandika. Alikuwa ananionyesha ile mita, “fundi, ona, sitini hizi hapa,” na macho yake yanamwambia kingine. Macho ndiyo yaliyokuwa sahihi.

Jambo hili si siri. Wapimaji wa Marekani walilianika kuanzia mwaka 2011, pale walipoacha kuhesabu fremu kwa sekunde wakaanza kupima muda wa kila fremu moja moja. Kelele zilikuwa kubwa mpaka AMD wakatoa dreva (programu inayoiongoza kadi) ya kusawazisha zamu hizo Agosti 2013. Ilisaidia. Haikuponya.

Kilichomaliza kabisa habari ya kadi mbili ni namna gemu zenyewe zinavyoandikwa siku hizi. Gemu nyingi za sasa hulainisha kingo za picha kwa kuchukua taarifa za fremu iliyotangulia. Fremu inayochorwa sasa inaitegemea iliyopita. Kama iliyopita ipo kwenye kumbukumbu ya kadi nyingine, ni lazima isafirishwe kwanza kutoka kadi hadi kadi, na anayeingoja anakaa bure. Hapo ndipo faida ya kupokezana inapoyeyuka, na hakuna dreva inayoweza kuirudisha.

Halafu mzigo ukahamishwa. Zamani NVIDIA na AMD ndio walioandika ndani ya dreva zao namna ya kuligawa kila gemu kwa kadi mbili. Ilipokuja DirectX 12, programu ya Windows inayounganisha gemu na kadi, pamoja na Windows 10 mwaka 2015, kazi hiyo iliachwa mikononi mwa mtengenezaji wa gemu. Naye akiwatazama wateja wake anaona wenye kadi mbili ni kiduchu. Kwa nini awalipe waandishi wa programu kwa ajili ya watu wachache namna hiyo? Wapo waliojitahidi: Shadow of the Tomb Raider ya 2018 inajua kuzitumia mbili. Cyberpunk 2077 ya 2020 haijui. Ukiiendesha kwenye mashine yenye mbili, moja inafanya kazi na nyingine inakula vumbi.

Watengenezaji wa kadi nao walikwisha kufunga virago. AMD walitoa RX 5700 mwaka 2019 bila CrossFire. NVIDIA, kwenye kizazi cha RTX 30 kilichotoka 2020, waliacha kiunganishi cha kadi mbili kwenye RTX 3090, na baadaye 3090 Ti, peke yake, wakatangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2021 hawataongeza tena maelekezo mapya ya SLI kwa kadi za RTX 20 na zilizotangulia. RTX 4090 ya mwaka 2022 haina hata pa kuchomeka kidaraja cha kuunganisha kadi mbili. Walioianzisha biashara hii wameifunga wenyewe, na sisi tunaendelea kuwauzia watoto wetu mabaki yake kama mali mpya mjini.

Kuna uongo mmoja unaoniuma kuliko yote, nao ni wa kumbukumbu. Winga alimwandikia yule kijana kwenye simu: “580 mbili, jumla GB 16.” Kila kadi ilikuwa na GB 8. Kwenye gemu, GB 8 na GB 8 zinabaki kuwa GB 8, kwa sababu kila kadi inabeba nakala yake kamili ya picha zile zile ili iweze kuchora fremu yake. Ukinunua vitabu viwili vya hesabu vya darasa la saba hujapata masomo mawili. Gemu linalotaka GB 10 litakwama kwenye kadi hizo mbili sawasawa na litakavyokwama kwenye moja. Winga anayeandika jumla namna hiyo ama hajui anachokiuza, ama anajua vizuri sana.

Mchezo kama huo unafanyika pia kwenye laptop. Mteja anafunguliwa Task Manager, anaonyeshwa GPU 0 na GPU 1, anaambiwa “hii ina mbili, bro, gemu zote inapiga.” GPU 0 hapo mara nyingi ni grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, ya kuendesha Windows na video ili betri isiishe haraka. Ile nyingine ndiyo ya gemu. Hazijumlishwi. Nunua laptop kwa jina la hiyo nyingine na GB zake, basi.

Nakuja kwenye umeme, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo kwa sababu ndipo mashine zinapounguzwa. RX 580 moja imepangiwa wati 185. Mbili ni 370, kabla hujalisha prosesa, diski na feni. Pawa saplai nyingi za bei rahisi zimebandikwa namba kubwa pembeni, 500 au 600, lakini stika ndogo chini yake inasema kweli. Tafuta mstari wa volti 12, uangalie ampea. Ikiandikwa 18, zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Hiyo ndiyo nguvu uliyonayo kwa ajili ya kadi na prosesa, zilizobaki ni namba za kuuzia. Vijana wanachukua waya zile za kugeuza, za kutoka plagi ya diski kwenda plagi ya kadi, wanalisha kadi ya pili kwa hizo. Ninazo dukani waya za namna hiyo zilizoyeyuka plastiki mpaka pini zikashikana. Na zile kompyuta za ofisi za mtumba tunazozipenda kwa sababu ni imara, nyingi zina pawa saplai isiyofika wati 300 na plagi za aina yake mwenyewe. Huko hata kadi moja kubwa ni shida.

Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, nayo ina neno lake. Sloti ya pili inaweza kuwa ndefu kama ya kwanza, ukadhani ni sawa. Washa tochi ya simu uangalie ndani yake: kwenye mazabodi nyingi za kawaida meno ya shaba yanaishia kabla ya kufika nusu ya sloti. Ni njia nne za kupitishia data badala ya kumi na sita. SLI ilikuwa inadai nane kwa uchache, kwa hiyo hapo haiwaki kabisa. CrossFire inakubali nne, na inachechemea. Mazabodi inayogawa nane kwa nane kwa haki ni ya bei ya juu, na mtu mwenye pesa ya mazabodi hiyo alikuwa na pesa ya kadi nzuri tangu mwanzo. Mwandishi wa safu hakuigusa kabisa gharama hii, wala ya pawa saplai, alipopiga hesabu yake ya “nusu ya gharama.”

Tena usisahau kwamba kadi ya mtumba ni ya mtumba. RX 580 ilitoka Aprili 2017 na ilipendwa mno na wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi zilizokuwa zikikesha usiku na mchana zilimwagika sokoni. Nyingine bado zina BIOS (programu ya ndani ya kadi) iliyochezewa kwa ajili ya uchimbaji, na kwenye gemu zinazima skrini. Feni zinapwaya. Pesti ya joto imekauka ikawa unga. Kadi moja ya namna hiyo nakubali kuifungua, kuisafisha, kumtengenezea mtu. Anayenunua mbili amejiongezea nafasi ya kupata mbovu, na ikifa moja anarudi pale pale alipokuwa na kadi moja, pesa imeshaondoka.

Basi anunue nini? Mfano ninaoutoa kwa kila anayeniuliza ni RX 6600, kadi ya Oktoba 2021. Ina GB 8. Kwenye gemu nyingi kasi yake ni zaidi ya mara moja na nusu ya kasi ya RX 580, yaani inafanya kwa utulivu kile ambacho kadi mbili za 580 zinafanya siku zao nzuri tu, kwenye gemu chache zinazokubali. Na inatumia wati 132. Tofauti na zile mbili ni wati 238. Kibanda kinachofanya kazi saa nane kwa siku, kadi zikiwa zimebanwa kazi sawasawa, tofauti hiyo ni karibu uniti 1.9. Mteja wa TANESCO wa daraja la T1 hulipa kama shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo. Zidisha kwa mwezi: zaidi ya shilingi 20,000 za LUKU kwa mashine moja, kila mwezi, na bado hujahesabu feni ya ukutani unayowasha kwa sababu chumba kimekuwa tanuri. Kwa Dar es Salaam ya Januari, wanaokaa vyumba vya bati wananielewa. Kama RX 6600 haijapatikana, RTX 2060 au RTX 3060 ya mkono wa pili iliyopimwa mbele yako ni njia ile ile: kadi moja, ya kizazi cha karibu, inayoendelea kupewa dreva. AMD waliiweka RX 580 na ndugu zake pembeni kwenye dreva ya peke yao mwaka 2023. Haziendi tena sambamba na kadi mpya.

Na aliyekwisha kununua mbili asizitupe, wala asikimbilie kuziuza kwa hasara. Huyu wa Tandika nilichomoa ile ya 2048. Nilikuwa na mazabodi nzima dukani na pawa saplai nzuri ya wati 500, nikamwekea prosesa ya mtumba, ikawa mashine ya pili. Mtu mwenye kibanda halipwi kwa fremu, analipwa kwa kiti. Kadi mbili kwenye mashine moja zilikuwa zinampa mteja mmoja aliyenuna. Kadi mbili kwenye mashine mbili zinampa wateja wawili, na kila kadi inapumua. Ile ya 2304 peke yake, kwenye picha ya 1920 kwa 1080, ilishuka chini ya nyuzi 75 na GTA ikaacha kujikwaa. Fremu zilizoandikwa kwenye mita zilipungua kidogo. Hakuna mteja aliyelalamika.

Nisije nikaonekana mtu wa kukataa tu. Kuna kazi ambazo kadi mbili ni halali yake. Wanaochora majengo na katuni kwa programu ya Blender wanapata faida ya kweli, kwa sababu kule kila kadi inachukua fungu lake la picha na hakuna anayesubiri milisekunde 16. Picha moja inaweza kuchukua dakika kumi, na kadi ya pili inaipunguza karibu nusu. Wanaoendesha mifumo ya akili bandia kwenye mashine zao nao wanaweza kuugawa mfumo mmoja mkubwa kwenye kadi mbili, na hapo kumbukumbu kwa kweli inajumlishwa. Nimewafungia wateja wa namna hii mbili, tena nikawahimiza. Na kuna programu iitwayo Lossless Scaling inayoiruhusu kadi moja ichore gemu na ya pili itengeneze fremu za kujazia katikati. Wapo wanaoifurahia, ingawa fremu hizo za kujazia zinachelewesha kidogo mkono wa mchezaji, na haina uhusiano na SLI wala CrossFire. Mtu akija na mojawapo ya mambo haya akijua anachokitaka, karibu sana. Kijana anayetaka mpira, GTA na gemu mpya za mwaka huu hayumo kwenye kundi hilo, na ndiye aliyeandikiwa ile makala.

Kwa hiyo namwomba mwandishi wa safu aurudie ushauri wake kwenye ukurasa ule ule, kwa ukubwa ule ule. Watu wanaliamini gazeti. Mama wa yule kijana hajui kadi ya grafiki ni kitu gani. Alitoa mkopo kwa sababu mwanawe alimwonyesha imeandikwa gazetini.

Na kwa wafanyabiashara wenzangu wa hapa Kariakoo, ombi langu ni dogo na haligharimu chochote. Risiti isiandikwe “graphics kadi” na bei. Iandikwe jina kamili la kadi, GB za kadi moja na siyo jumla, na idadi ya viini kama GPU-Z inavyoisoma. Mteja aruhusiwe kuiona ikichomekwa na kubanwa kazi kwa nusu saa, joto likionekana kwenye skrini, kabla hajatoa pesa mfukoni. Dukani kwangu tumeanza hivyo, na karatasi ya GPU-Z tunaipiga picha pamoja na risiti. Winga anayeleta mteja kwangu anajua atamkuta mteja huyo amekaa kwenye kiti mbele ya skrini, anasoma namba mwenyewe, na kama imeandikwa 2048 tunamwambia hapo hapo kwamba bei aliyotajiwa ya 580 siyo bei ya kadi hii.

Wako,

Fundi wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam